Gari la kazi litalala wapi? Niliyojifunza kwenye mtaa wa HOA huko Florida

Mtu akiniambia anataka kununua nyumba Florida, swali langu la kwanza ni gari lake la kazi litalala wapi usiku. Wengi hushangaa. Wamejiandaa kuzungumzia mkopo wa benki, bima ya kimbunga na shule za watoto. Lakini mimi ni fundi viyoyozi, riziki yangu imo ndani ya pikapu, na suala la mahali pa kuipaki limenifundisha mengi kuhusu Marekani tangu nitoke Tanga.

Naishi pembezoni mwa Tampa, kwenye mtaa uliojengwa wote kwa pamoja na kampuni moja. Kuna bwawa la kuogelea la pamoja, kidimbwi cha kukusanya maji ya mvua, na nyumba zinazofanana rangi kwa sababu rangi zenyewe ziko kwenye orodha na huruhusiwi kutoka nje yake. Kila nyumba ni mwanachama wa chama cha wamiliki, HOA kama sote tunavyokiita hapa, Waswahili tukiwemo. Hukiombi kujiunga wala huwezi kujitoa. Ukinunua nyumba umenunua na uanachama, pamoja na ada yake. Ukiwahesabu na wanaoishi kwenye fleti za kumiliki, zaidi ya watu milioni 70 nchini humu wako chini ya vyama vya aina hii.

Mimi hati za chama nilizisoma kabla ya kusaini. Sheria ya Florida inamtaka muuzaji akupe muhtasari wa habari za chama kabla ya mkataba. Asipokupa, una haki ya kuuvunja mkataba ndani ya siku 3 baada ya kuupokea muhtasari huo, ili mradi mauzo hayajakamilika. Ila muhtasari ni karatasi fupi tu. Mwenye neno la mwisho ni hati ya masharti yenyewe, ile iliyosajiliwa kwenye ofisi ya kumbukumbu ya kaunti tangu mtaa ulipoanza kujengwa. Hati hiyo haimfuati mtu, inaifuata ardhi. Mwenye nyumba wa kwanza anaondoka, wa tano anaingia, na masharti ni yaleyale.

Ya mtaa wetu inasema usiegeshe mahali panapoonekana kutoka barabarani magari ya biashara, boti, trela, nyumba za magurudumu, wala malori ya uwezo unaozidi robo tatu ya tani. Pikapu yangu ni Ford F-150. Kwa wauza magari na mafundi wa hapa hiyo ni pikapu ya nusu tani. Gari la biashara halikuelezwa ni lipi. Nikamuuliza wakala wa nyumba, akasema mitaa yote ina maneno hayo na pikapu ndogo hazisumbuliwi. Nikaona niko ndani ya masharti, nikanunua.

Msomaji wa Tanzania au Kenya huenda akashangaa kwamba pikapu inaweza kuwa kosa. Nyumbani kwetu mwenye pikapu ni mtu wa kuheshimika. Akiumwa mtu usiku, mlango wake ndio unaogongwa kwanza. Harusi, msiba, magunia ya mahindi, yeye anaombwa. Hata hapa Marekani pikapu za Ford za F zimeongoza mauzo ya pikapu zote tangu 1977. Wanazo walimu, wanazo madaktari. Kwa hiyo katazo lenyewe silo geni kwetu sisi wageni pekee. Wamarekani waliozaliwa hapahapa nao linawashangaza wakishalipata kwa barua.

Barua yangu ilitoka kwa kampuni ya usimamizi, ile inayolipwa na chama kukusanya ada na kuzunguka mitaani na kamera. Ilikuwa na picha ya gari langu mbele ya gereji, imepigwa asubuhi na mapema. Ilisema gari la biashara limeonekana, liondolewe au liingizwe gereji. Nilipiga simu. Dada aliyepokea alikuwa mpole sana, akanieleza kwamba bodi imetunga kanuni mpya: gari lolote lenye chuma cha kubebea ngazi, zana zinazoonekana au maandishi ya kampuni linahesabiwa ni la biashara, haijalishi ukubwa.

Maandishi niliyaondoa jioni ileile. Nilikuwa na vibao vya sumaku milangoni, nikavibandua na kuvitupa kiti cha nyuma. Zana nilizifunika kwa turubai gumu. Ngazi ndiyo iliyobaki, na chuma chake. Kuhusu gereji, jambo la kuingiza gari ndani linaandikwa kirahisi na mtu asiye na pikapu. F-150 ya milango minne ina urefu wa karibu mita 6. Gereji yangu nayo haizidi sana hapo, na kwa ndani kuna mtungi wa kuchemshia maji umesimama kwenye kona. Mlango una kimo cha futi 7. Gari likiwa tupu linapita, likiwa na chuma cha ngazi juu yake haliingii. Kila siku ningefungua chuma usiku na kukifunga alfajiri.

Nilipoanza kuuliza majirani, nikagundua mtaa ule ulikuwa na maisha ya chinichini ambayo sikuyajua. Fundi mapaa mmoja, mtu wa Honduras, alikuwa akiacha gari lake kwenye kiwanja cha kanisa na kumalizia njia kwa baiskeli. Mama mmoja mwenye kazi ya kusafisha mabwawa alikuwa akilipa kila mwezi yadi ya kuhifadhi magari. Kijana mwingine alipaki mbele ya duka kubwa hadi siku alipolikuta gari limevunjwa kioo na mashine zake zote zimebebwa. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kwenda kwenye kikao cha bodi. Kila mmoja alidhani ni shida yake peke yake.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba sharti hili, ukiliangalia vizuri, linahusu kazi. Sedani ya kifahari ya mtu anayefanya biashara ya mamilioni kwa simu haihesabiwi kuwa gari la biashara. Gari linalobeba ngazi linahesabiwa. Mchana pikapu zinajaa mtaani: za wakata nyasi, za wapaka rangi, za kwetu sisi wa viyoyozi, na zinakaribishwa kwa sababu bila hizo mtaa hauendi. Jua likizama zinatakiwa zisionekane. Mtu anaweza kuitunza nyumba ya jirani, ila ushahidi kwamba anafanya kazi hiyo usikae mbele ya nyumba yake mwenyewe. Hili liliniuma, na bado linaniuma.

Nataka kuwa mkweli kwa upande wa pili pia, maana nilikaa nao na kuwasikiliza. Mwenyekiti wa bodi, mstaafu, alinieleza kwa utulivu kwamba miaka ya nyuma kulikuwa na mtu aliyegeuza mbele ya nyumba yake kuwa karakana, magari mabovu juu ya matofali, mafuta yakitiririka hadi kwenye mfereji. Nyumba za jirani zilikaa sokoni hazinunuliwi. Kwa wazee wengi pale nyumba ndiyo akiba yao yote. Hofu yao ina sababu. Na mimi mwenyewe baadhi ya masharti nayapenda: kwamba nyasi zikatwe, kwamba mbwa asiachwe kubweka usiku kucha. Tatizo langu lilikuwa kwamba dawa ya karakana ilimwagwa juu ya gari safi la fundi.

Miongoni mwa wateja wangu yuko mwanasheria mstaafu. Siku moja nikimbadilishia feni ya mashine ya nje nilimsimulia. Akanionya nisikimbilie mahakamani, akanipa habari ya Coral Gables, mji ulio kando ya Miami. Kule halikuwa suala la HOA, ilikuwa sheria ya mji mzima: usiku pikapu isikae nje kwenye maeneo ya makazi, hata kama huifanyii kazi yoyote. Mpangaji mmoja mwenye F-150, ambaye nyumba yake haikuwa na gereji, alipigwa faini mwaka 2003 akaenda kushtaki. Mwaka 2007 jopo la majaji wa rufaa likampa haki. Mwaka 2010 mahakama hiyohiyo ilipokaa na majaji wake wote ikageuza, ikasema mji una mamlaka ya kulinda mwonekano wake. Kilichoshindikana mahakamani kikaja kulegezwa na kura za wakazi mwaka 2012. "Majaji wa kwetu wanaheshimu sana hati na kanuni," mzee yule aliniambia. "Wewe soma hati yako, halafu uwaendee majirani."

Basi nikairudia hati. Nikiwa kwenye kumbukumbu za kaunti nilijisomea pia historia ya masharti ya aina hii, na sehemu moja lazima niitaje kwa sababu sisi ni Waafrika. Chombo hiki cha kisheria, sharti linaloifuata ardhi, ndicho kilichotumika katika miji mingi ya Marekani kwenye nusu ya kwanza ya karne iliyopita kuandika kwamba nyumba hii isiuzwe kwa mtu mweusi. Mwaka 1948, kwenye kesi ya Shelley dhidi ya Kraemer iliyotoka St. Louis, Mahakama Kuu ya nchi ilisema mahakama hazitasaidia kutekeleza masharti kama hayo, na sheria ya makazi ya haki ya mwaka 1968 ikayapiga marufuku. Sisemi kukataza pikapu ni kitu kimoja na ubaguzi ule. Ninachosema ni kwamba kalamu inayoamua nani anaufaa mtaa imekuwepo muda mrefu, na anayeishi chini yake ana haki ya kuuliza inaandika nini.

Jambo kubwa nililolipata kwenye kuisoma upya lilikuwa la ngazi za mamlaka. Juu kabisa iko sheria ya jimbo, sura ya 720. Chini yake hati iliyosajiliwa. Chini ya hati kuna katiba ndogo ya chama, na chini kabisa kanuni ambazo bodi inazitunga yenyewe kikaoni. Kanuni haiwezi kuipinga hati. Hati yetu iliweka kipimo cha malori kuwa robo tatu ya tani; kwa maoni yangu, bodi kwa kanuni yake ilikuwa imelikataza gari ambalo hati imeliruhusu. Kubadili hati kunahitaji kura za wamiliki. Florida, kama hati haisemi vinginevyo, ni theluthi mbili ya kura zote.

Niliandika hayo kwa barua fupi yenye vifungu. Jibu lilikuwa taarifa ya faini.

Hapa kuna kitu ambacho ningependa kila mwenye nyumba Florida akijue. Bodi haiwezi kukupiga faini kwa neno lake tu. Inatakiwa ikupe taarifa ya maandishi siku 14 kabla, na usikilizwe na kamati ya watu wasiopungua 3 ambao si wajumbe wa bodi, si wafanyakazi wa chama, wala si ndugu zao. Kamati ikikataa kwa wingi wa kura, faini haipo. Kwa kawaida faini ni hadi dola 100 kwa kosa, na kosa linaloendelea linaweza kuhesabiwa kila siku hadi dola 1,000, isipokuwa hati ya chama ikiruhusu zaidi. Na faini iliyo chini ya dola 1,000 haiwezi kugeuzwa kuwa deni la kufungwa kwenye nyumba. Ada isiyolipwa ni habari nyingine kabisa. Hiyo inaweza kuifikisha nyumba yako mnadani. Ndiyo maana nilimwambia mke wangu tugombane nao kwa hoja, lakini ada tusiicheleweshe hata siku moja.

Kikao cha kamati kilifanyika kwenye chumba kando ya bwawa. Nilikuja na nakala ya hati, vipimo vya gereji, na picha. Fundi mapaa alikuja, mama wa mabwawa alikuja, na mzee mmoja wa jirani, ambaye kiyoyozi chake kiliwahi kufa usiku wa Julai, alikaa nyuma kabisa bila kusema neno. Usiku ule wa Julai nyumba yake ilikuwa imepanda joto kiasi cha kuhatarisha maisha ya mkewe mgonjwa, na kilichowaokoa ni kwamba kapasita ya aina ile, kipuri cha kuwashia mota ya kiyoyozi, ilikuwemo kwenye pikapu yangu, hatua chache kutoka mlangoni kwake. Sikulitumia jambo hilo kikaoni. Sikutaka msaada niliompa jirani ugeuke hoja ya kesi.

Nilisoma kifungu cha robo tatu ya tani. Nikaonyesha kibandiko cha uwezo kilichopo kwenye fremu ya mlango wa gari. Mjumbe mmoja aliuliza kama ngazi inaweza kulala ndani usiku. Nikasema ngazi ndiyo, chuma chake hapana. Walikwenda pembeni wakarudi. Wawili walikataa faini, mmoja aliikubali. Mmoja wa wawili hao alisema hajali sana mambo ya pikapu, ila hawezi kumtoza mtu kwa kitu ambacho hati haikukataza. Ilinitosha.

Bodi haikuishia hapo, na sikuilaumu, kwa sababu sasa ilifuata njia iliyo halali: ilileta pendekezo la kuibadili hati yenyewe ili pikapu zote zikae ndani. Tulizunguka nyumba kwa nyumba jioni, mimi na wale wenzangu, tukieleza. Nilijifunza mengi kwenye vizingiti hivyo. Wengi hawakujua kuna pendekezo. Wengine walidhani bodi inachaguliwa na serikali. Mama mmoja wa Kimarekani aliniambia ameishi pale muda wote na sisi ndio wa kwanza kumgongea mlango kwa habari ya mtaa. Pendekezo lilianguka kwa mbali, na kusema ukweli halikuanguka kwa ushujaa wetu tu: kura zilizorudishwa zilikuwa chache mno kufikia theluthi mbili. Ulegevu uleule uliowaacha wachache watunge kanuni ndio uliowazuia wachache haohao kubadili hati.

Kisha jimbo lenyewe likaingia. Mwaka 2024 bunge la Florida lilipitisha sheria namba HB 1203, gavana Ron DeSantis akaisaini, na kuanzia Julai 1 mwaka huo HOA haiwezi kumkataza mwenye nyumba, mpangaji wala mgeni wao kuegesha gari binafsi, pikapu ikitajwa kwa jina, mbele ya gereji yake au popote anaporuhusiwa kuegesha kisheria. Hata gari la kazi lenye maandishi linaruhusiwa mbele ya gereji, mradi si gari kubwa la biashara kwa tafsiri ya jimbo, yaani la ratili 26,001 au zaidi, au lenye ekseli 3 na kuendelea. Vibao vyangu vya sumaku vilirudi milangoni. Sheria nyingine ya mwaka huohuo ilivitaka vyama viwape wanachama nakala za masharti na kanuni kufikia Oktoba 1, 2024. Jambo ambalo naona lilistahili kuwepo tangu mwanzo.

Kuna mwanya ambao wanasheria wanaujadili. Florida ina msimamo wa muda mrefu kwamba sheria mpya haiwezi kirahisi kuvunja mkataba wa zamani. Kwa hiyo hati ya chama ikisema inafuata sheria za jimbo "kama zitakavyorekebishwa mara kwa mara", mabadiliko ya bunge yanaingia moja kwa moja. Isiposema hivyo, chama kinaweza kujaribu kubishana. Yetu inasema. Niliyaona maneno hayo kwenye ukurasa wa mbele kabisa, nilipoipitia kwa mara nyingine.

Ndugu yangu mmoja wa Bukavu, ambaye sasa anaishi Jacksonville, alinipigia hivi karibuni akiwa na furaha. "Yaya," yaani kaka kwa Kiswahili cha kwao, "sheria imepita, nanunua fleti, gari la kazi halina tena shida." Nikamwomba asubiri kwanza. Fleti za kumiliki ziko chini ya sura nyingine, ya 718, na ruhusa ile ya pikapu iliandikwa kwenye sura ya 720 ya mitaa ya nyumba. Nikamwambia aombe hati iliyosajiliwa, kanuni za bodi, na mihtasari ya vikao vya karibuni, kwa sababu kwenye mihtasari ndipo utajua wanagombania nini. Akapata kwamba jengo lile linaruhusu gari lisilozidi urefu wa nafasi iliyochorwa chini. Akaenda na futi ya kupimia. Gari lake lilizidi kwa kiasi cha kiganja. Ameiacha fleti hiyo na anatafuta nyumba.

Hata kwetu mambo haya yanakuja. Tanzania ina Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo tangu 2008, Kenya ilipata yake mpya mwaka 2020, na wanaonunua fleti Dar es Salaam na Nairobi wanaingia kwenye vyama vya wamiliki vyenye kanuni za magari, jenereta na kuanika nguo. Nimemwomba shemeji yangu aliyelipia fleti Dar anitumie kanuni zao nizisome. Bado anazitafuta, aliyemuuzia hakumpa.

Mimi sasa nimegombea nafasi kwenye bodi na nimeipata. Suala la pikapu limekwisha, lakini trela ya fundi mapaa bado iko kwenye yadi ya kulipia, kwa kuwa sheria ya 2024 haikugusa trela na hati yetu inazikataza. Nimependekeza ziruhusiwe upande wa nyuma wa nyumba, nyuma ya uzio wa futi 6, ambako hazionekani barabarani. Mwenyekiti wa zamani amesema atapiga kura ya hapana, na amekubali kuja kuangalia uzio wenyewe Jumamosi.